Tuliung'oa mrehani wa msikiti, sasa tunaupanda upya



Wiki hii naomba ruhusa niiweke kando mada ya malezi, nizungumzie mmea. Si mmea mgeni. Ni mrehani, ule ambao bibi zetu waliupanda karibu na mlango wa uani, apitaye akauguse kwa upindo wa nguo na harufu imfuate hadi barazani. Nauandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni katika mimea michache ya maua ambayo familia yenye ardhi ya upana wa mkeka mmoja inaweza kuilea bila gharama. Ya pili, nina deni juu yake, na mwenye deni huanza kwa kukiri.

Msikiti wetu, hapa Tanga, una kiwanja kidogo nje ya eneo la kuswalia, kati ya mabomba ya udhu na ukuta wa jirani. Kwa miaka mingi kabla mimi sijawa katibu, kando ya ukuta huo palikuwa na safu ya mirehani. Aliyeipanda ni bibi mmoja mjane, ambaye nyumba yake inatazamana na lango letu. Hakuna kikao kilichompa idhini wala kilichomkataza. Alipanda, akamwagilia, na kila aliyehitaji kitawi alichukua: mpishi, mfungaji wa vikuba vya harusi, na kina mama wanaokwenda kuosha maiti.

Mwaka juzi, baada ya masika kutuachia tope hadi kizingitini, kamati iliazimia kupanga vitofali vya saruji kiwanja kizima. Azimio lilikuwa jema, kwa kuwa wazee wawili walikwisha kuteleza. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari, na humo mna sentensi isemayo kwamba magugu yaliyo kando ya ukuta yaondolewe. Kibarua alipokuja kuniuliza kama na mrehani nao ni magugu, nilikuwa na simu sikioni. Nilimwashiria aondoe vyote. Kazi ya dakika chache ilifuta kilicholelewa miaka.

Miezi michache baadaye mama mmoja wa mtaani alifariki dunia. Waliomwosha walimtuma binti mdogo akachume mrehani msikitini, naye akarudi mikono mitupu. Maiti alioshwa kama inavyotakiwa, kwa majani ya mkunazi na kafuri, wala hakupungukiwa na chochote katika haki zake. Mrehani si sharti la josho; ni ada ya watu wa pwani ya kutia harufu nzuri. Lakini siku ya tatu nilipopita barazani kwa yule bibi na kumwamkia, aliitikia marahaba, kisha akaniambia kwa sauti ya upole kabisa: "Katibu, mwanangu, ule mrehani uliwakosea nini?"

Sikuwa na jibu. Nilisema tope, nikasema vitofali, nikasema kamati. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, mwanangu," akaendelea kupepeta mchele wake. Laiti angenikaripia, ningeondoka na mzigo mwepesi zaidi.

Mrehani, au mrihani kama wasemavyo wengine, wataalamu wa mimea huuita Ocimum basilicum. Ni ndugu wa mnanaa: shina lake lina pembe nne, na majani yake hutoka mawili mawili yakielekeana. Neno letu limetoka katika Kiarabu, rayhan, lenye asili moja na neno la harufu. Limetajwa katika Surat Ar-Rahman, aya ya 12, na katika Surat Al-Waqi'a, aya ya 89. Wafasiri wamekhitalifiana katika aya ya kwanza: wako waliolifasiri kuwa ni riziki, na wako waliosema ni mimea yenye harufu nzuri. Katika Sahihi Muslim mna mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuhusu adabu ya kupokea rehani: anayepewa asiikatae. Basi niliyatafakari hayo nikaona haya. Sisi hatukupewa kitawi tukakirudisha. Tulipewa safu nzima tukaing'oa.

Katika Kiswahili rehani ni neno la maana mbili. Iko rehani ya kunukia, na iko rehani ya kuweka mali kuwa dhamana ya deni. Kwa Kiarabu asili zake ni mbili tofauti, na matamshi yetu ndiyo yaliyozikutanisha. Hata hivyo, tangu siku ile kila ninaposikia neno hilo huzikumbuka zote mbili kwa pamoja.

Kisa hakikuishia hapo. Jirani yetu wa nyuma ya ukuta hupanda maboga kwa ajili ya mboga na kwa ajili ya futari. Msimu ule alilalamika kwamba maboga yake yanafika ukubwa wa kidole gumba, yanageuka manjano, yanadondoka. Alitia samadi, akaongeza maji, hali haikubadilika. Bwana shamba alipopita, hakuanza na udongo. Aliuliza kama asubuhi waonekana nyuki katika yale maua. Jirani alifikiri, akasema si kama zamani.

Mboga huu, ndugu msomaji, una maua ya dume na maua ya jike, yote katika mmea mmoja lakini mbalimbali. Ua la jike hutambulika kwa kijiboga kidogo kilicho nyuma yake. La dume husimama juu ya kikonyo kitupu. Hufunguka alfajiri, na ifikapo adhuhuri yamekwisha kufumba. Katika saa hizo chache lazima chavua, ule unga wa manjano, itoke kwa dume ifike kwa jike, na upepo hauiwezi kazi hiyo kwa kuwa unga wenyewe ni mzito na unanata. Wa kuubeba ni mdudu, na hodari kati yao ni nyuki. Asipofika, kijiboga huanguka. Tango na tikiti nayo hukumbwa na shida hiyohiyo.

Sidai kwamba safu moja ya mirehani ndiyo iliyokuwa ikilisha nyuki wa mtaa mzima. Mwaka uleule watu walikata michongoma, wakajenga kuta, na wengine wakapulizia dawa za wadudu mchana kweupe. Ninalolisema ni kwamba katika hesabu ile ya kuwafukuza nyuki, msikiti nao ulitia mkono wake, na aliyetia saini ni mimi.

Kwa nini mrehani unawafaa nyuki kiasi hicho? Maua yake ni madogo, meupe au ya zambarau hafifu, yamezunguka kikonyo duara juu ya duara. Huchanua kuanzia chini kwenda juu, machache kila siku, kwa hiyo kikonyo kimoja huwa karamu ya siku nyingi, na vikonyo vipya hutoka kabla vya zamani havijakoma. Mwembe huchanua kwa msimu kisha ukanyamaza. Mrehani uliotunzwa huchanua miezi mfululizo. Ndani ya ua mna mbochi, maji matamu ambayo nyuki huyageuza asali. Humwona nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiouma, na yule mweusi mnene atobowaye mbao za paa, ambaye wengi hawajui kwamba naye ni nyuki. Sote twajua kwamba Qur'ani ina sura yenye jina lake, An-Nahl. Kumwachia mdudu huyo maua ni adabu ndogo mno kwa wasomaji wa sura hiyo.

Nilirudi kwa bibi siku ya Ijumaa, baada ya swala ya Alasiri, nikamwomba radhi bila kuitaja kamati. Alinyamaza kidogo, kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na vikonyo vilivyokauka vya mrehani. "Nilizichuma wiki moja kabla hamjaanza kazi yenu," alisema. "Nilijua mtakuja kuzitaka, ila sikujua atakuja nani."

Kazi ngumu ilikuwa kikaoni. Mtunza hazina alipinga, na hoja yake haikuwa dhaifu: vitofali vilinunuliwa kwa michango ya waumini, na kuvifumua ni kuichezea amana. Mwenzetu mwingine akauliza, je, msikiti ni shamba? Imamu alitukumbusha kwamba sehemu ile iko nje ya mahali pa kuswalia, na kwamba kitakachofumuliwa kisitupwe. Ndipo ikaazimiwa tufungue ukanda mmoja tu kando ya ukuta, urefu wa mita sita na upana wa nusu mita, na vitofali vilivyotoka vipangwe kuwa ukingo wa kitalu hichohicho. Hakikupotea hata kimoja. Tuliandika pia azimio la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi: kazi yoyote ya kiwanja itakayogusa matumizi ya kina mama, waulizwe kwanza. Katika azimio lile la mwanzo hakuna mama hata mmoja aliyeulizwa.

Sasa niwape njia tuliyofuata, ili nawe uifuate nyumbani kwako.

Kwanza, mahali. Mrehani wataka jua la saa sita kwa siku au zaidi, na udongo usiotuamisha maji. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, ya mbuzi au ya ng'ombe. Samadi mbichi huunguza mizizi. Asiye na kiwanja atumie ndoo kuukuu au debe, atoboe matundu chini. Mpangaji wa chumba kimoja hana udhuru, maadamu jua lafika mlangoni pake.

Pili, mbegu. Ni ndogo na nyeusi, zilezile zivimbazo ndani ya bilauri ya faluda, kwani zikipata maji hujivika ute. Usizifukie chini sana. Zitawanye juu ya udongo uliolowa, kisha uzifunike kwa udongo laini wa kina cha nusu sentimita. Nyunyiza maji kwa mkono, usimwage kwa kopo, la sivyo zitasombwa zikakusanyike pembeni. Katika joto letu huchipua kwa muda wa wiki moja hivi. Mwanzo wa vuli ni wakati mzuri. Katika masika makali miche hupigwa na mvua ikaoza.

Tatu, kuhamisha. Miche ikifika urefu wa sentimita nane hadi kumi, ihamishe jioni jua likipoa, na kati ya mche na mche uache sentimita 30. Kuibananisha ni kukaribisha ukungu, maana hewa haipiti katikati.

Nne, maji. Mwagilia asubuhi, chini ya shina na si juu ya majani. Mrehani hunyauka ukikosa maji, lakini hufufuka upesi. Ukizidishiwa hauna tiba, mizizi huoza. Hapa tulikumbuka mabomba ya udhu. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo wengi wetu pwani twayafuata, maji yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi ni tohara, ila hayatoharishi tena. Hayafai kutilia udhu mwingine, lakini hakuna kizuizi cha kuyamwagilia mimea. Tulichimba mfereji mdogo kutoka mabombani hadi kitaluni, tukaweka sharti moja: asiyefua wala kuosha vyombo pale, kwa kuwa maji yenye sabuni nyingi hudhuru udongo. Maji yaliyokuwa yakitengeneza tope sasa yana kazi. Na kwa kuwa mfereji ulijaa kupita mahitaji ya kitalu, imamu alipata mahali pazuri pa kutukumbusha juu ya israfu.

Tano, kukata. Mche ukifikisha jozi tatu za majani, kata ncha juu ya jozi ya pili. Shina moja litatoa mawili, na mawili yatatoa manne. Usipokata, mrehani hurefuka kama ufito, ukatoa maua mapema na kuchoka.

Sita, maua, na hapa ndipo nilipokosea tena. Nilikuwa nimesoma kwamba mrehani ukichanua majani hupungua na ladha huwa kali, kwa hiyo kila kikonyo kilipochomoza nilikikata. Bibi alikuja kukagua, akapita na fimbo yake kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho. "Katibu, hawa nyuki umewaita, mbona huwapi chakula?" Akanionyesha desturi yake: nusu ya safu hukatwa kwa ajili ya jikoni na vikuba, nusu huachwa ichanue. Ile iliyochanua ikikaribia kukauka huvunwa mbegu na kukatwa, na nusu ya kwanza nayo huachiwa zamu yake. Hivyo majani hayakosekani, wala maua hayakosekani. Elimu hiyo sikuisoma chuoni.

Saba, kurithisha. Mrehani si mti wa kudumu. Baada ya mwaka mmoja hivi shina huwa kama kuni na majani hupungua. Kabla haujafika huko, kata vitawi visivyochanua vya sentimita kumi hadi kumi na tano, ondoa majani ya chini, uvitie katika glasi ya maji dirishani. Kwa wiki moja au mbili vitatoa mizizi. Huu ni mradi mzuri kwa watoto, kwa sababu wanauona mzizi kwa macho yao ukitoka siku baada ya siku. Anayetaka mmea mgumu zaidi aongeze na kivumbasi. Watu wetu hutumia jina hilo kwa zaidi ya mmea mmoja wa porini katika ukoo huu, na mmoja wao, Ocimum gratissimum, ni kichaka kinachoishi miaka kadhaa, huvumilia ukame, na majani yake hunukia kama karafuu. Nyuki hawachagui kati yake na mrehani.

Kuna maswali mawili ambayo wazazi wa madrasa yetu waliyaleta, nami nayajibu hapa kwa faida ya wengine. La kwanza: je, nyuki hawatawauma watoto? Nyuki aliye kazini juu ya ua hana haja na mtu, huuma akibanwa au akikanyagwa. Tumekiweka kitalu mbali na njia ya miguu mitupu, na tumewafundisha watoto kutazama bila kushika. Kundi la nyuki likihamia darini au katika mti wa msikiti, hilo ni jambo jingine. Aitwe mtaalamu, lisichomwe moto. La pili: je, mrehani hufukuza mbu? Majani yake na ya kivumbasi yana mafuta ambayo mbu hawayapendi, na wazee wetu waliyatundika vyumbani kwa sababu hiyo. Lakini tawi halichukui nafasi ya chandarua. Mtoto alale ndani ya chandarua, na tawi liwe ziada.

Nawausia pia juu ya dawa za wadudu. Kiwavi wa mrehani hutolewa kwa mkono. Ukilazimika kupulizia dawa mmea mwingine wa jirani, fanya jioni baada ya nyuki kurudi makwao, na kamwe usipulizie maua yaliyofunguka. Sumu inayomwua mlaji wa majani yako haimwulizi nyuki dini wala kazi yake.

Safu yetu sasa ina mirehani kumi na tisa. Wa ishirini ulikanyagwa na mpira wa watoto. Jirani wa maboga aniambia kwamba nyuki wameanza kuonekana tena asubuhi, ingawa naye, kwa ushauri wa bwana shamba, huamka mapema akachukua ua la dume na kulipangusia ndani ya ua la jike kwa mkono wake. Hivyo siwezi kusema boga lipi ni la nyuki na lipi ni la jirani. Yote yaliliwa.

Hadithi ya Anas (R.A.) kuhusu mwenye kupanda mmea, na sadaka anayoandikiwa kwa kila kiumbe anayefaidika nao, twaisikia mara nyingi juu ya mimbari. Zamani nilidhani yazungumzia minazi na miembe, mali za watu wenye mashamba. Siku hizi, nikifungua ofisi asubuhi na kuwakuta nyuki wamekwisha kunitangulia ukutani, namkumbuka aliyepanda bila kikao wala muhtasari. Katika daftari la kamati nimefuta neno "magugu", nikaandika "mrehani", na pembeni nikatia saini yangu na tarehe, ili katibu ajaye aulize kabla hajaashiria.

Mwenye kuhitaji mbegu afike ofisini baada ya swala ya Alasiri, Jumamosi. Ni bure, kwa sharti kwamba nawe utampa jirani.

Wabillahi tawfiq.